Faiba haioni kutu: madaraja ya nyanda za juu kusini yanahitaji nini kwanza

Tangu Tanzania na Zambia ziafikiane mwaka 2025 na kampuni ya CCECC ya China kuifufua reli ya TAZARA kwa mpango wa dola za Marekani bilioni 1.4, mazungumzo ya wahandisi huku kwetu, kuanzia Makambako hadi Tunduma, hayamaliziki bila mtu kutaja "madaraja yenye akili". Wazo lenyewe linavutia. Pitisha uzi wa kioo, yaani faiba, ndani ya zege au uufunge kwenye nondo, ingiza mwanga upande mmoja, na kompyuta iliyoko Mbeya mjini itakwambia kutu imeanzia wapi kwenye nguzo ya daraja lililoko bondeni huko karibu na Mlimba. Hamu ya chombo cha namna hiyo iliongezeka baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Tangu siku ile watu hawaridhiki wakiambiwa jengo au daraja "limekaguliwa". Wanataka kitu kinachokesha.

Naiunga mkono teknolojia hii, na nitasema ni wapi ningeiweka. Ila naona inapigiwa debe kwa sababu isiyo sahihi. Faiba haioni kutu. Inachopima ni kunyooka (yaani kuvutika na kurefuka) na kusinyaa, joto, mtikisiko na, ikipakwa kemikali maalumu, unyevu au hali ya alkali. Kutu ni hitimisho linalofikiwa na mtu anayesoma vipimo hivyo huku akijua daraja lilikuwaje siku lilipokabidhiwa. Asipokuwepo mtu huyo, na isipokuwepo kumbukumbu hiyo, tutakuwa tumenunua grafu. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya vihisi, yaani vifaa vya kupimia mabadiliko, vinavyotangazwa kwa kazi hii vilibuniwa kumsaka adui ambaye katika nyanda za juu kusini hayupo, huku adui aliyepo akiendelea na kazi yake bila bughudha.

Tuanze na adui. Nondo ndani ya zege jipya haishiki kutu, hata zege likiwa na unyevu. Saruji ikichanganyika na maji huzalisha alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12.5 na zaidi, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba sana unaokilinda. Utando huo huvunjwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kloridi, yaani chumvi ya bahari au ile inayomwagwa barabarani katika nchi za baridi ili kuyeyusha barafu; hii hutoboa utando hata kama zege bado lina alkali yake. Ya pili ni kaboni dioksidi ya hewani, ambayo hupenya taratibu kwenye vinyweleo vya zege na kuimaliza alkali mpaka pH ishuke chini ya 9 na utando utoweke. Baada ya hapo kinachosubiriwa ni maji na oksijeni tu. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, na kwa kuwa zege halina uwezo wa kutanuka, hupasuka kutoka ndani. Siku fundi anapoona ufa unaofuata mstari wa nondo pamoja na doa la rangi ya kahawia, jambo hilo lina umri wa miaka mingi.

Sisi tuko mbali na bahari, na hakuna anayemwaga chumvi barabarani hata jalidi inapoanguka Njombe na Makete. Kwa hiyo kloridi, kwa sehemu kubwa, ni habari ya Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Habari yetu ni kaboni dioksidi, na hali ya hewa ya huku inaipa nafasi kwa namna ambayo haizungumzwi vya kutosha. Gesi hiyo hupenya zege upesi zaidi unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 50 na 70. Zege likilowa kabisa, vinyweleo hujaa maji na gesi haipiti. Kutu yenyewe inataka kinyume chake, unyevu mwingi, zaidi ya asilimia 80. Mahali penye ukavu wa kudumu kinga huondoka lakini kutu haina maji. Mahali penye unyevu wa kudumu maji yapo lakini kinga inachelewa kuondoka. Sisi tuna vyote viwili kwa zamu: msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, kisha miezi mirefu ya ukavu na upepo. Kiangazi kinaondoa kinga, mvua zinakuja kula chuma. Na hata ndani ya nyanda hizi mambo hayafanani. Usangu ni kukavu, Tukuyu kunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kati ya sehemu hizo mbili ni mwendo wa saa chache tu kwa basi. Daraja la mchoro mmoja likijengwa kote kuwili halitazeeka sawa.

Kinachoamua kasi ya uzee huo ni vitu viwili vya kawaida mno kiasi kwamba havitajwi kwenye makongamano: unene wa zege linalofunika nondo, ambao mafundi wanauita kava, na kumwagilia. Kaboni dioksidi haiendi sambamba na miaka, inaenda kwa kipeuo cha pili cha miaka. Ikipenya milimita 10 katika miaka 10, itafika milimita 20 baada ya miaka 40. Ukiigeuza hesabu hiyo inatisha: kava ikipunguzwa nusu, toka milimita 40 hadi 20, muda wa kinga unashuka hadi robo. Ndiyo maana vile vipande vidogo vya zege vinavyoitwa biskuti, vinavyowekwa chini ya nondo zisilale juu ya mbao, vina thamani kubwa kuliko vinavyoonekana. Niliwahi kufika kwenye kalavati moja mkoani Iringa nikakuta nondo zimelazwa juu ya kokoto, na msimamizi akanihakikishia kwamba zege likishamwagwa "zitajiinua zenyewe". Nondo haijiinui.

Kuna na suala la saruji. Volkano za Rungwe zimetuachia majivu na mawe mepesi yanayofaa kusagwa na kuchanganywa na saruji kama pozolana, yaani unga unaochukua nafasi ya sehemu ya saruji, na saruji za aina hiyo ni za kawaida sokoni. Sizikatai, dhidi ya chumvi hufanya kazi nzuri, na zinapunguza gharama na joto la zege. Lakini akiba yake ya alkali ni ndogo, na zisipomwagiliwa siku za kutosha, kaboni dioksidi hupenya upesi kuliko kwenye saruji ya kawaida. Sasa fikiria zege hilo limemwagwa Agosti, upepo wa Makambako unapuliza, maji yanabebwa kwa boza toka mbali, na mkandarasi ana ratiba. Hapo ndipo kutu ya mwaka 2050 inapopandwa, na hakuna faiba duniani inayoizuia isipandwe.

Baada ya kusema hayo, tuipe faiba haki yake. Uzi wenyewe una kipenyo cha mikromita 125, na katikati yake ipo njia ya mwanga isiyozidi mikromita 10 hivi. Mwaka 1978 Ken Hill na wenzake huko Canada waligundua kwamba mwanga mkali unaweza kuandika alama za kudumu ndani ya kioo hicho. Alama hizo hurudisha rangi moja tu ya mwanga. Uzi ukinyooka, rangi hiyo inahama kidogo, na mashine inasoma imehama kiasi gani. Njia nyingine haihitaji alama yoyote, inatumia mwanga unaotawanyika wenyewe ndani ya kioo. Mtawanyiko wa Brillouin unaweza kusoma makumi ya kilomita kwa hatua za mita moja hivi. Ule wa Rayleigh unaweza kusoma milimita kwa milimita, lakini kwa makumi ya mita tu, au ukitumiwa kwa namna tofauti, kusikiliza mitikisiko katika umbali mrefu. Kioo hakishiki kutu, hakisumbuliwi na nyaya za umeme za reli au za gridi, na radi haipiti ndani yake. Kwa mtu anayeijua radi ya Novemba huku kwetu, sifa hiyo ya mwisho pekee inatosha kuipendelea faiba kuliko vihisi vya nyaya za shaba.

Kwa upande wa kutu, watafiti wamejaribu njia kama tatu. Wapo wanaouzungusha uzi kwenye nondo, ili kutu ikitanuka uzi unyooke. Wapo wanaoupaka tabaka la chuma, ili chuma hicho kiliwe mahali pamoja na nondo na mwanga ubadilike kadiri tabaka linavyokonda. Na wapo wanaoupaka kemikali inayobadilika kulingana na pH, unyevu au kloridi. Njia ya kwanza ndiyo imara zaidi, lakini inasubiri uharibifu uanze. Ya pili inasema jambo moja tu, kwamba mazingira ya mahali pale yanakula chuma. Tabaka likiisha, kihisi kimemaliza kazi yake. Ya tatu ndiyo inayotoa taarifa mapema, na ndiyo dhaifu kuliko zote kwa umri, kwa sababu kemikali iliyopakwa inakaa ndani ya zege lenye alkali kali na inatakiwa ibaki kuwa sahihi kwa miongo. Tena, kazi kubwa ya utafiti wa njia hii ya tatu imeelekezwa kwenye kloridi, kwa sababu nchi zenye fedha za utafiti zina madaraja ya baharini na barabara za chumvi. Mkandarasi akituletea kihisi cha kloridi kwa daraja la Mto Kiwira, kitasoma sifuri miaka yote na sisi tutafurahi, huku kaboni dioksidi ikikaribia nondo.

Kuna mtego mwingine ambao huku juu ni mkubwa kuliko pwani. Faiba yenye alama haitofautishi yenyewe kati ya kunyooka na joto. Katika mwanga unaotumika sana, wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550, rangi huhama takriban pikomita 1.2 uzi ukinyooka sehemu moja kwa milioni, na takriban pikomita 10 joto likipanda nyuzi 1 ya Sentigredi. Yaani nyuzi 1 ya joto inaonekana kama mnyooko wa sehemu 8 kwa milioni. Julai ya Iringa au Njombe inaamka na baridi kali na kufika mchana jua likiwa linachoma. Sakafu ya daraja inaweza kupanda nyuzi 15 kwa siku moja. Zidisha: sehemu 120 kwa milioni. Zege la kawaida hupasuka likivutwa sehemu 100 hadi 150 hivi kwa milioni. Kwa maneno mengine, mapambazuko ya kawaida tu yanaweza kusomeka kama ufa unaoanza, na ufa wa kweli unaweza kujificha ndani ya mapambazuko. Dawa inajulikana, ni kuweka uzi wa pili usiofungwa popote ili upime joto peke yake, na kusoma angalau mwaka mzima kabla ya kuamini chochote. Lakini ndicho kipengele cha kwanza kukatwa zabuni inapobanwa, kwa sababu kwenye orodha ya bei kinaonekana kama uzi wa ziada.

Hoja ya kweli ya wanaoitaka faiba ni ile iliyotoka Dresden, Ujerumani. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2024, sehemu ya daraja la Carola ilianguka mtoni Elbe. Hakuna aliyekufa. Daraja hilo lilijengwa kwa zege lenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndani yake, na uchunguzi ulionyesha nyaya hizo zilikuwa zimepasukapasuka kwa kutu ya aina ya pekee, ambayo mizizi yake ni unyevu ulioingia wakati wa ujenzi na ambayo haitoi madoa wala haitanui zege. Ujerumani haina uhaba wa wakaguzi. Kukagua madaraja huko ni utaratibu wa miaka mingi ulioandikwa na kufuatwa. Na bado macho hayakutosha. Baada ya ajali, sehemu zilizobaki ziliwekewa vihisi vya kusikiliza sauti ya waya unapokatika. Huo ni ushahidi mzito: kwa daraja lenye nyaya zilizovutwa, nyundo ya mkaguzi ikigonga zege haisikii kitu, na faiba inayosikiliza mitikisiko au inayosoma mnyooko pale waya unapoacha mzigo inaweza kuwa onyo pekee. Anayesema ukaguzi wa kawaida unatosha kwa kila daraja hana jibu kwa Dresden.

Hoja ya kweli ya upande wa pili ni mto. Mvua za El Niño za msimu wa 2023/24 zilivunja barabara, makalavati na madaraja katika mikoa mingi nchini, na kilichoyavunja ni maji kuchimba misingi na kubeba tuta. Kutu haikuhusika. Mtu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwenye mtandao mrefu wa barabara za udongo na bajeti fupi akiniuliza kwa nini anunue mashine ya kusoma mwanga inayogharimu makumi ya maelfu ya dola wakati kalavati lake halina hata kuta za kuongoza maji, sina cha kumjibu, na nadhani asitafutiwe jibu. Tena TARURA wenyewe wameshapata jawabu la aina yake katika mikoa kadhaa: madaraja ya mawe yenye tao. Hayana nondo ndani. Kitu ambacho hakipo hakishiki kutu, na kwa mto mdogo wa Rungwe au Kilolo, penye mawe na mafundi wa mawe, sioni teknolojia ya kulishinda hilo.

Baada ya hoja hizo mbili zenye uzito, zimebaki mbili ambazo zinasikika sana na hazina miguu. Moja inasema: Mkongo wa Taifa, yaani mtandao wa nyaya za mawasiliano wa nchi, tayari umepita Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, kwa hiyo faiba tunayo, kilichobaki ni kuiunganisha na madaraja. Hapana. Faiba ya mkongo imelazwa ndani ya bomba ardhini au imefungwa pembeni ya daraja kwa ajili ya kupitisha data, na imekusudiwa kabisa isiguswe na kunyooka kwa kitu chochote. Nondo inaweza kuliwa yote mita moja kutoka kwenye uzi huo na mwanga usijue. Uzi wa kupimia lazima ushikamane na kinachopimwa, kwa gundi au ndani ya zege lenyewe. Mkongo unaweza kusaidia kwa mambo mengine mawili: kubeba data ya vihisi hadi ofisini, na pengine kusikiliza ardhi inayoteleza kwenye miteremko kama ya Kitonga, kwani mtikisiko wa udongo hufika hadi kwenye bomba. Hayo ni mazuri. Si kutu.

Ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, na nimeisikia kutoka kwa watu waliosoma: "Sisi hatuko pwani, kutu ni shida ya Dar." Nimeshaeleza kaboni dioksidi inavyofanya kazi, kwa hiyo nitaongeza ushahidi ambao kila mtu anaweza kuufuata kwa miguu. Nenda kwenye jengo lolote la zege la miaka ya 1970 mjini Mbeya au Iringa, tazama chini ya vibaraza na chini ya matanki ya maji ya juu. Utakuta zege limebanduka na nondo ziko nje, nyekundu. Bahari haijawahi kufika hapo. Kosa la hoja hii lina madhara makubwa kuliko lile la mkongo, kwa sababu linawapa wakandarasi sababu ya kupunguza kava na kuwaambia wateja kwamba hali ya hewa ya huku ni nzuri.

Sasa kuhusu nini kifanyike kwanza. Desemba 15, 1967, Silver Bridge ilianguka katika Mto Ohio nchini Marekani na kuua watu 46. Chanzo kilikuwa ufa wa kutu wenye kina cha milimita 2.5 hivi kwenye kiungo kimoja cha chuma, mahali ambapo mkaguzi asingeweza kupaona bila kukifungua kiungo. Kwa mantiki ya leo mtu angesema: wekeni vihisi. Marekani ilianza na daftari. Kufikia mwaka 1971 ilikuwa na kanuni za kitaifa za kukagua madaraja, sifa za anayekagua, kipindi cha kawaida cha miaka miwili, na orodha ya madaraja yote yenye hali yake. Vihisi vilikuja baadaye, juu ya msingi huo: daraja jipya la I-35W mjini Minneapolis, lililofunguliwa mwaka 2008 badala ya lile lililoanguka mwaka 2007 na kuua watu 13, lina vihisi zaidi ya 300, vya faiba vikiwemo. Na ieleweke kwamba lile la 2007 lilianguka kwa sababu ya mabamba ya chuma ya kuunganishia yaliyokuwa membamba tangu kwenye mchoro. Hata vihisi vya kutu vingejaa kila mahali, visingesema kitu.

Kwetu, daftari hilo linaweza kuanza na chupa. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaifahamu fenolfthaleni, wanaiita POP, wanaidondoshea kwenye majaribio ya asidi na besi. Toboa shimo dogo kwenye zege, safisha vumbi, nyunyiza. Pale zege lenye alkali lilipo panageuka waridi. Pale kaboni dioksidi ilipofika panabaki hivyohivyo. Pima kwa rula umbali wa sehemu isiyobadilika rangi, pima kava kwa kifaa cha kutafutia nondo, na kwa ile hesabu ya kipeuo cha pili unajua imebaki miaka mingapi. Panapotia shaka, kuna kipimo cha volteji kinachotumia shaba na salfeti ya shaba: nondo ikisoma chini ya milivolti 350 hasi, uwezekano wa kutu kuwa inaendelea ni zaidi ya asilimia 90. Vifaa vyote hivi vinaingia kwenye buti la gari dogo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wanafunzi wa uhandisi ujenzi ambao kila mwaka wanahitaji mafunzo kwa vitendo. Wapewe madaraja ya barabara kuu toka Igawa hadi Tunduma, ambako upanuzi wa barabara unaendelea na malori ya Zambia na Kongo hayaishi, wayapime kila moja na kuacha namba zao TANROADS, wakala wa barabara kuu. Daktari hampi mgonjwa mashine ya kupima moyo usiku kucha kabla ya kumshika mkono na kuhesabu mapigo.

Zikipatikana namba hizo, ndipo faiba inapata mahali pake, na hapo nitakuwa mkarimu kwa wachache na mchoyo kwa wengi. Ningeiweka kwenye daraja lolote jipya lenye nyaya zilizovutwa, wakati wa kujenga, kwa sababu kulaza uzi kabla zege halijamwagwa ni kazi ndogo ukilinganisha na kuubandika baadaye, ilimradi kuwe na mtu anayeulinda dhidi ya vibreta na mabuti ya vibarua. Ningeiweka kwenye mahandaki ya maji na miundo ya chini ya ardhi ya Kihansi, mtambo wa umeme wa maji wa megawati 180 ambao kuusimamisha ili watu waingie kukagua kuna gharama yake kwenye gridi. Na ningeiweka kwenye madaraja marefu ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, kipande kigumu kuliko vyote cha reli hiyo ya kilomita 1,860, ambako mahandaki na madaraja yamerundikana na nguzo za daraja la Mto Mpanga zinafika takriban mita 50. Mkaguzi kufika juu ya nguzo kama hiyo kwa kamba ni kazi ya siku nzima na ya hatari. Makalavati, madaraja ya kata, majengo ya ghorofa mbili ya Soweto na Mwanjelwa hayahitaji; yanahitaji biskuti na maji.

Kwa kila mahali faiba itakapowekwa, mkataba unapaswa kujibu maswali ambayo kwenye matangazo hayamo. Nani anasoma baada ya kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro, kwisha na mkandarasi kuondoka na mashine yake? Data inakaa kwenye kompyuta ya nani, na kwa muundo ambao mwingine anaweza kuufungua? Kizingiti kikivukwa usiku wa Jumamosi, ni ofisa gani mwenye mamlaka ya kufunga njia bila kusubiri barua? Swali hili la tatu ndilo zito. Kufunga daraja la TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kunamaanisha foleni ya malori hadi Uyole na simu kutoka kila mahali, na ofisa asiye na kinga ya kiutaratibu atachagua kuamini kwamba ni joto la asubuhi tu limesomeka vibaya. Kwa kuwa nimeshaonyesha kwamba joto la asubuhi husomeka vibaya kweli, atakuwa na kisingizio kizuri.

TAZARA inatoa nafasi ambayo haitarudi karibuni. Zege lake lilimwagwa kati ya 1970 na 1975, lina miaka 50, na sasa linakabidhiwa kwa mwendeshaji kwa makubaliano ya miaka 30. Mwendeshaji atapitisha mizigo mizito zaidi juu ya zege ambalo hakulijenga, kisha atalirudisha. Siku ya kulirudisha, nguzo moja ikikutwa imebanduka na nondo ziko nje, kutazuka ubishi wa nani alipe: waliojenga, waliokaa nayo nusu karne, au aliyeitumia mwisho. Kina cha kaboni dioksidi na volteji ya nondo kwa kila nguzo, vikipimwa sasa na kusainiwa na pande zote tatu kabla reli mpya hazijalazwa, pamoja na faiba inayoandika kilichotokea baada ya hapo kwenye yale madaraja machache marefu, vinaweza kuumaliza ubishi huo kabla haujaanza. Vikiachwa, Tanzania na Zambia zitaingia kwenye mazungumzo ya mwaka 2055 zikiwa na picha za simu.